Nilimtajia Mungu Majina Yao

Dada, kama unasoma haya ukiwa umekalia kitambaa kilicholowa, usiinuke kwanza. Mimi nilikikalia kitambaa hicho kwa miaka, na ninajua kwa nini unachagua mwisho wa benchi, karibu na mlango, upande ambao upepo unatokea. Ninaandika kwa sababu nilipona, na kwa sababu nilipokuwa mgonjwa hakuna aliyeniambia kuwa kuna wengine kama mimi. Ninaandika pia kuhusu jinsi nilivyoomba, jambo ambalo wenzangu kanisani hawapendi nilitaje. Sikuomba vizuri. Niliomba nikitaka watu waumie.

Naitwa Syombua. Nilizaliwa Nuu. Mama yangu alifariki akijifungua mtoto wa pili, mtoto naye akafa, nikabaki na baba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, anayevaa kofia yake hata akichunga. Katikati ya miaka ya sabini niliolewa na Kimanzi, boma lao likiwa upande wa pili wa vilima. Kimanzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtoto wa mama yake, hata baada ya kuota ndevu.

Siku zangu za kujifungua zilipokaribia, niliingiwa na hofu. Nilikuwa mfupi na mwembamba kama mama, na nilikumbuka jinsi alivyoondoka. Nikatoroka asubuhi moja, nikatembea na tumbo langu hadi kwa baba.

"Nau," nikamwambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyowaita baba zetu, "nipeleke nikakae karibu na hospitali."

"Mke wa mtu hazalii kwa baba yake," akasema. "Watasema nimekuficha. Rudi kwenu." Akanisindikiza hadi njia panda, akageuka.

Uchungu ulinianza Jumatatu. Mama mkwe wangu aliitwa Kalunde, ingawa wakati huo nisingethubutu kulitamka jina lake. Nilimwita Mwaitu, mama, kama inavyotakiwa. Alinilaza sakafuni kwenye ngozi.

Jumanne Kimanzi alisimama mlangoni. "Mwaitu, tutafute gari?"

"Gari ya nini? Mimi nimezaa tisa hapa hapa. Unataka watu waseme mke wako ni mvivu wa kusukuma?"

Kimanzi akaondoka mlangoni. Nilikiona kivuli chake kikivuka ukuta kikielekea zizini. Jumatano sikuweza tena kupiga kelele. Alhamisi jirani mmoja aliingia kuomba moto, akaniona, akaanza kulia yeye. Ndipo wakanibeba kwa kitanda hadi barabarani, na pikapu ya mwenye duka ikanipeleka hospitali. Mtoto alitolewa amekufa. Alikuwa mvulana. Walimzika kabla sijapata fahamu sawasawa, na hadi leo sijui ni wapi.

Siku chache baadaye niliamka nikidhani nimemwaga maji kitandani. Nikapapasa kikombe. Kilikuwa kimejaa, mahali pake. Mkojo ulikuwa unatoka wenyewe, bila kuniuliza, na haukukoma mchana wala usiku. Mguu wangu wa kushoto nao ukawa unaburuta. Muuguzi akasema, "Itapungua ukipata nguvu." Nikarudi nyumbani nikingoja ipungue.

Sitakueleza habari za madaktari. Wewe unajua mwili. Unajua mapaja yanavyochubuka mpaka kila hatua ni chumvi kwenye kidonda. Unajua unavyoacha kunywa maji ili usilowe, halafu harufu inakuwa kali zaidi. Nilikata blanketi kuukuu vipande vipande, nikawa navifua na kuvianika nyuma ya nyumba ili wapita njia wasivione. Mama mkwe alivigundua.

"Huyu ameoza," alimwambia Kimanzi, nami nikiwa pale pale. Nikakatazwa kupika. Nikahamishiwa chumba cha kuwekea mahindi. Kimanzi alikuja mara mbili akasimama nje, akauliza kama nimekula, kisha hakuja tena. Mvua ya Novemba ilipoanza walikuwa wameleta mke mwingine, na mimi nikaambiwa niende kwa baba "mpaka upone." Kimanzi alinibebea sanduku langu. Tulipokaribia barabara kubwa aliliweka chini kwenye nyasi, asionekane na watu akiwa pamoja nami.

Hapo kwa baba ndipo nilipokaa. Alinipokea. Alinijengea kitanda cha kamba, akanichimbia choo karibu na nyumba, akawa anachota maji yeye mwenyewe, mwanamume, watu wakimwona. Lakini hatukuzungumza. Jumapili nilikaa nje ya kanisa chini ya dirisha, na akina mama walipotoka walinipa mkono kwa ncha za vidole.

Siku moja mchungaji alikuja kuniombea. Alikuwa kijana, alitoka upande wa Nunguni kwenye baridi, na jua letu lilikuwa limemchosha. Alisimama karibu na mlango.

"Dada Syombua, tushukuru kwa kila jambo. Sema nami: Bwana, ninakushukuru kwa jaribu hili."

Nikasema.

"Sema: nimewasamehe wote."

Nikasema. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kama vile mwili wangu ulivyokuwa ukitoa mkojo wenyewe. Alipoondoka nilijisikia kama mtu aliyemtemea mate mtoto wake kaburini.

Nikachukua vitambaa vyangu nikashuka mtoni. Kiangazi kilikuwa kikali na mto ulikuwa mchanga mtupu, na visima vilivyochimbwa kwenye mchanga huo ndivyo vilivyotupa maji. Nilikuwa na kisima changu mbali na vya wengine. Nikafua kidogo, nikashindwa. Nikasimama katikati ya mto mkavu, nikasema kwa sauti, kwa Kikamba, si kwa lugha ya kanisani:

"Mungu, nimekudanganya leo. Sikushukuru. Sijamsamehe mtu. Ninamtaka Kalunde afe na kiu. Awe amelala, aombe maji, na anayempa awe anaziba pua. Ninamtaka Kimanzi akae mlangoni akisikia mtu wake akilia, na miguu yake isimwondoe hapo. Unanisikia?"

Nikainama nikingoja kupigwa. Tulifundishwa kwamba mtu anaweza kufa kwa kusema hivyo. Punda aliyekuwa akinywa kwenye kisima cha chini aliinua kichwa, akanitazama, akaendelea kunywa.

Kesho yake nikarudi, nikaongeza. Kiangazi chote kile niliomba hivyo. Nilimwomba Mungu mtama wao uliwe na ndege. Nilimwomba boma lile likose kicheko. Yule mke mpya nilimwombea tumbo lifunge, halafu usiku sikulala vizuri, nikarudi nikamwambia Mungu alifute hilo, kwa kuwa msichana yule hakunikosea. Mengine sikuyafuta. Siku moja, nikiwa nakamua kitambaa, nilimgeukia Mungu mwenyewe.

"Na wewe? Jumatatu naelewa, Jumatatu wengi huwa bado hawajajifungua. Lakini Jumanne ulikuwa wapi? Niambie Jumanne ulikuwa wapi."

Hakunijibu. Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti. Ila nilikuwa nimeacha kufikiria mti wa kujinyongea na kamba ya kufungia ng'ombe, mawazo ambayo nilikuwa nayo tangu Novemba na ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Mtu mwenye hasira kiasi kile ana kazi ya kufanya kesho.

Sikujua kwamba baba alinisikia. Alikuwa amemfuata punda. Niliinua macho nikamwona ameketi kwenye ukingo wa mto, juu ya mizizi, na sikujua alikuwa hapo tangu lini.

"Umewataja wote?" akauliza.

"Wote, nau."

"Umeniacha mimi."

Nikasema siwezi.

"Kwa nini? Unafikiri Mungu hajui nilikurudisha?" Akavua kofia yake, akaiweka magotini. Sijawahi kumwona baba kichwa wazi kwenye jua kama lile. "Mtajie. Nikiwa hapa."

Nikafumba macho ili nisimwone. "Mungu, huyu ni baba yangu, Nzioka. Nilimjia na tumbo langu. Alijua mama alikufa vipi. Alijua kuliko Kalunde. Akachagua heshima yake. Ninataka..." Hapo nilikwama, kisha nikalisema. "Ninataka awe ananisikia nikilia kila siku, mpaka afe."

Nikafumbua macho. Baba alikuwa anautazama mchanga.

"Hilo alishalijibu," akasema.

Akashuka, akachukua nusu ya vitambaa vyangu vilivyolowa, akavibeba mkononi hadi nyumbani, akapita navyo mbele ya watu.

Wiki ile alikwenda dispensari, na sokoni, na kwenye misheni, akauliza. Fikiria mzee wa Kikamba akisimama kwenye foleni ya watu na kusema kwa sauti kwamba binti yake hawezi kuzuia mkojo. Alirudi na habari: kulikuwa na hospitali ya misheni mbali, ambako daktari wa kushona tatizo hili alikuja mara moja kwa msimu, na angekuja mvua ya Machi ikiisha.

Tulisafiri kwa lori la mbuzi la wafanyabiashara wa kutoka Garissa. Baba alilichagua makusudi. Katikati ya mbuzi hakuna aliyeweza kujua harufu yangu ni ipi, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nilisafiri nikiwa nimeinua uso.

Kwenye baraza ya hospitali kulikuwa na mabenchi marefu. Wanawake walikaa kila mmoja peke yake, kila mmoja ameacha nafasi, kila mmoja amejikunja pembeni. Nikaenda pembeni kabisa. Mwanamke mmoja aliyejifunga mtandio wa manjano akacheka.

"Wewe! Njoo ukae hapa katikati," akaniita kwa Kiswahili cha watu wa kaskazini. "Hapa sisi sote tunavuja."

Sikuelewa. Akainuka, akanionyesha alipokuwa amekaa. Palikuwa pamelowa. Nikatazama benchi zima. Dada, nililia mpaka muuguzi akatoka kuuliza nani amefariki.

Aliitwa Halima. Vitanda vyetu vilikuwa jirani. Alikuwa na mkeka wake mdogo wa kuswalia, na kila mara alijiosha upya kabla ya kuutandika.

"Mama wa mume wangu alinikataza kuswali," aliniambia. "Eti mimi najisi. Nikaenda kwa shehe. Shehe akasema mwenye udhuru anaswali. Sasa niambie, pale nyumbani shehe ni nani?"

"Na ukiswali, unamwambia Mungu nini juu ya huyo mama?"

Aliangalia huku na huku. "Yote," akanong'ona. Tukacheka mpaka tukashikilia matumbo.

Nilishonwa. Nililala chali na mpira wa mkojo, muuguzi akinisimamia ninywe maji, mtungi baada ya mtungi, mimi niliyekuwa nimesahau kunywa maji bila hofu. Siku ya kutoa mpira niliamka nikiwa mkavu. Nilikaa mkavu asubuhi nzima. Mchana, nikiwa nimesimama dirishani, nilihisi ule ujoto ukishuka mguuni.

Halima alipona mara ya kwanza.

Nilimchukia. Nilimsikia akicheka na wenzake kwenye baraza, nikageukia ukuta nikamwambia Mungu: "Mwanamke huyu amenitendea mema na ninamchukia. Nataka arudi kulowa kama mimi. Haya, umesikia." Nilikaa na jambo hilo mchana wote, tukiwa watatu, mimi na Mungu na uovu wangu, bila kuufunika. Jua lilipopungua nikaweza kwenda kitandani kwake na kusema hongera, na isiwe uongo. Alinipa sabuni yake na leso yake moja. Sikumwona tena.

Nilirudi kwa baba, nikapanda kunde, nikavuna, nikaendelea kulowa. Nilirudi hospitali baada ya mvua iliyofuata. Safari hii sikumwahidi Mungu kitu. Nilimwambia, "Nina hofu na sikuamini sana. Nimekuja hata hivyo."

Mpira ulitolewa. Asubuhi ile nilipeleka mkono chini yangu polepole. Shuka lilikuwa kavu. Kesho yake kavu. Siku ya tatu nikahisi kitu cha ajabu tumboni, nikamwita muuguzi kwa hofu. Akanisikiliza, akatabasamu. "Syombua, umebanwa na mkojo. Nenda chooni." Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa. Nikaenda nikiburuta mguu wangu, nikicheka peke yangu kwenye korido.

Habari zilivuka vilima kabla ya mbaazi kukauka. Kimanzi alikuja kunichukua. Hakuja peke yake. Alikuja na mama yake, wazee wawili na mbuzi, wakamchukua na mchungaji njiani. Yule mke wa pili alikuwa amewaacha. Walikaa kwenye viti vya baba, wakanywa chai yangu, nami niliyekatazwa kupika.

Mzee mmoja akakohoa ili aanze. Baba akainua mkono.

"Tutaanza na maombi. Syombua atatuombea."

Wote wakainamisha vichwa na kufumba macho. Kwetu hakuna anayefumbua macho wakati wa maombi, wala anayemkatiza anayeomba. Nilisimama. Niliwatazama mmoja mmoja, na moyo wangu ulikuwa mtulivu na mkali kama kisu kilichonolewa.

"Mungu," nikasema, "unanijua, tumezungumza sana. Leo nina wageni. Huyu ni Kalunde. Jumanne mwanawe alimwomba atafute gari, akasema mimi ni mvivu wa kusukuma. Mtoto wangu alikuwa hai Jumanne. Nilimsikia akicheza."

Kiti kililia. Hakuna aliyefumbua macho.

"Huyu ni Kimanzi. Alisikia sauti yangu akaenda kuangalia ng'ombe. Aliweka sanduku langu kwenye nyasi asionekane nami. Sasa amekuja kwa sababu nimekauka. Na huyu ni mtumishi wako. Aliniambia niseme nimesamehe kabla hajaniuliza nimetendwa nini."

"Amina!" mchungaji akasema kwa sauti kubwa, haraka.

"Mchungaji," baba akasema akiwa bado amefumba macho, "mtoto hajamaliza."

Basi nikamaliza. Nilimweleza Mungu juu ya chumba cha mahindi, na vitambaa, na kaburi nisilolijua. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Mwisho nikasema, "Sirudi nao. Bado ninataka waumie. Wewe fanya unaloona ni haki, lakini usiseme hukuambiwa." Nikakaa. Sikusema amina.

Kimanzi alikuwa analia bila sauti, ameziba uso kwa kofia. Wazee walitazama chini. Kalunde ndiye aliyesema kwanza, na hakumwelekea mtu.

"Nilizaa tisa. Nilizika wanne. Mimi hakuna aliyenipeleka popote."

Nataka ujue kwamba sikumhurumia. Niliona mikono yake ikitafuta fimbo sakafuni, nami sikumwokotea. Waliondoka na mbuzi wao.

Mchungaji alibaki nyuma kidogo. Alisema, "Sijui niseme nini, dada." Nikamwambia hilo ndilo neno lake la kwanza ambalo nimeliamini. Tangu siku hiyo tulianza kuzungumza vizuri.

Sasa wewe. Kunywa maji, mengi, hata ukilowa. Jipake mafuta mapajani kabla ngozi haijachubuka. Mtafute mtu mmoja asiyeona haya kuuliza, nanyi wawili mkaulize hadi mumpate daktari wa kushona. Wapo. Ukishonwa ikashindikana, rudi. Na ukiomba, usimpelekee Mungu mtu mwingine aliyevaa nguo zako. Mpelekee yule anayelowa, mwenye hasira, anayetaka jirani yake aanguke. Wakikuambia hilo ni dhambi, waambie ni dhambi ambayo tayari anaijua.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa sokoni Nuu nikiuza kunde wakati mwanamke mmoja wa upande ule aliponiambia Kalunde amefariki. Aliugua muda mrefu, akasema. Alisubiri aone uso wangu. Nilimwomba aniangalizie gunia, nikaenda nyuma ya maduka.

Nilikuwa nimemwahidi Mungu mara nyingi kwamba siku hiyo nitaimba. Nikasimama pale kati ya makreti matupu, nikamwambia, "Nimesikia." Nikangoja furaha. Niliingoja kweli, kama mtu anayengoja basi analolijua. Haikuja. Huruma nayo haikuja.

"Sina kitu," nikamwambia. "Nilidhani nitakuwa nacho."

Nikakaa naye hapo hivyo hivyo, mpaka mwanamke yule akaniita kwamba kuna mtu anataka kunde.